Karatasi Zilizochomwa na Vijiti vya Lontulu

Mara nyingi vijana wa shule hutuuliza: "Ninyi mwajuaje habari za zamani za nchi yetu, nanyi hamkuwako?" Swali hili ni jema, wala halina utukutu ndani yake. Sisi twajibu kwamba habari za zamani hutufikia kwa njia mbili, kinywa na karatasi. Lakini yafaa kuongeza neno moja ambalo vitabu vya shule hulipita upesi: ilikuwako serkali iliyojua vema nguvu ya karatasi, na kwa sababu hiyo ikazichoma.

Ilikuwa mwezi wa nane wa mwaka 1908, mjini Bruxelles. Mfalme Leopold wa Pili alikuwa karibu kuikabidhi nchi ya Kongo mikononi mwa Serkali ya Ubelgiji. Maana kwa miaka 23, tangu 1885, nchi hii haikuwa koloni ya Wabelgiji, kama wengi wanavyodhani. Ilikuwa mali ya mtu mmoja, mfalme huyo, ambaye hakukanyaga udongo wake hata siku moja. Iliitwa Dola Huru la Kongo. Uhuru huo ulikuwa wa nani, msomaji ataona mwenyewe.

Basi kabla ya kukabidhi, hati za Dola hilo zikatiwa motoni. Matanuru yaliwaka kwa siku nane mfululizo, na moshi ukapanda juu ya mji wakati wa joto, watu wasipohitaji moto wo wote. Afisa mmoja wa nyumba ya mfalme, Gustave Stinglhamber, alisimulia baadaye kwamba siku moja alikwenda kumsalimu rafiki yake katika ofisi ya Dola la Kongo. Alipotaka kukaa karibu na dirisha juu ya chombo cha kupashia chumba joto, akaruka, kwa jinsi kilivyokuwa cha moto. Akauliza: "Kuna nini?" Akaambiwa wanachoma hati za Serkali. Afisa huyo alisema pia kwamba mfalme mwenyewe alimweleza wazo lake: Wabelgiji atawapa Kongo, lakini kujua aliyoyafanya huko, hawana haki.

Neno hilo la mwisho twaliona kuwa zito kuliko moshi wote. Mtu aweza kurudisha nchi, na bado akaamini kwamba yaliyotendeka ndani yake ni siri ya nyumba yake.

Mambo mengi tutakayoyasimulia yalitokea upande wa Équateur, mbali na sisi wa mashariki tusemao Kiswahili. Lakini Bula Matari alikuwa mmoja kwa wote. Hata kwetu, Katanga ilitawaliwa tangu 1900 na shirika lililokuwa nusu serkali, nusu kampuni, jina lake Comité Spécial du Katanga, lenye askari wake wa polisi, mpaka 1910. Twachagua habari za Équateur kwa sababu huko ndiko mashahidi walikosikilizwa, na maneno yao yakaandikwa.

Siri ya Dola la Kongo haikuanza na moto. Ilianza na sheria. Mwaka 1885 ilitangazwa kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Serkali. Nani aliyeamua kwamba ardhi haina mwenyewe? Serkali. Msitu ambamo babu zetu waliwinda na kuchimba dawa ukawa "hauna mtu". Tarehe 21 ya mwezi wa tisa 1891 mfalme akatoa amri nyingine: wakuu wa Serkali wachukue hatua zote zipasazo ili pembe za ndovu na mpira viingie katika ghala za Dola. Amri hii haikuchapwa katika gazeti la Serkali. Watu waliopaswa kuitii kwa migongo yao hawakuwa na njia ya kujua kwamba ipo. Mwaka 1896 tena, sehemu kubwa ya nchi kuzunguka ziwa ambalo leo twaliita Mai-Ndombe ilitengwa iwe milki ya Taji, yaani mapato yake yaende kwa mfalme mwenyewe. Na amri hiyo pia ilifichwa kwa miaka kadhaa. Eneo hilo peke yake lilikuwa kubwa kuliko nchi ya Ubelgiji mara nyingi.

Jinsi kazi ya mpira ilivyokwenda, wazee wamesimulia vya kutosha, nasi hatutaki kurefusha. Mwanamume alipewa kipimo cha kuleta. Kamba za porini zitoazo utomvu zilipokwisha karibu na kijiji, alikwenda mbali zaidi, siku nyingi, akilala msituni. Mkewe alishikwa na kufungwa mpaka mpira utimie. Asiyetimiza alipigwa kiboko. Kijiji kilichokataa kililetewa askari, na askari alitakiwa kuonyesha kwamba risasi hakuipoteza kwa kuwinda nyama. Kwa hiyo alileta mkono wa kuume wa mtu aliyemwua. Wengine, risasi wakaitumia kwa mnyama, na mkono wakaukata kwa mtu aliye hai. Hata katika ukatili kulikuwa na hesabu, na hesabu ndiyo iliyowaponza wakubwa.

Kwa maana mtu wa kwanza kuivunja siri hii kwa nguvu hakuwahi kuona kijiji cha Kongo. Alikuwa karani. Edmund Dene Morel alifanya kazi katika kampuni ya meli ya Liverpool iliyobeba mizigo ya Kongo, na kazi yake ilimpeleka bandarini Antwerp. Huko akalinganisha daftari. Meli zilirudi zimejaa mpira na pembe za ndovu. Zilipokwenda, zilibeba bunduki na risasi, na vitu vichache mno vya kuuza. Basi akajiuliza kama mtu ye yote wa sokoni angalivyojiuliza: Mali yote hii yalipwa kwa nini? Akaona kwamba hailipwi kwa kitu. Na kama hailipwi, wanaoileta wanalazimishwa. Aliacha kazi mwaka 1901, akaanza kuandika. Sisi twapenda kuwaambia vijana habari ya Morel, hasa wale wanaodhani kwamba hesabu ni somo lisilo na roho.

Mwaka 1903 Serkali ya Uingereza ilimtuma balozi wake mdogo aliyekuwa Boma, Roger Casement, apande mto akaone. Hakutaka kusafiri katika meli ya Dola. Alikodi meli ya wamisionari wa Marekani ili awe huru kwenda atakako. Akaketi na watu, akawauliza, akaandika. Taarifa yake ilichapwa mwezi wa pili 1904. Lakini tazama sasa jambo la kushangaza: wakubwa wa London, kabla ya kuichapa, walifuta majina. Mahali pa jina la mtu waliweka herufi, na mahali pa jina la kijiji vivyo hivyo. Walisema yao, kwamba ni busara. Casement alikasirika sana, na twamwelewa. Shahidi asiye na jina ni rahisi kumwita mwongo. Kijiji kisicho na jina, nani atakwenda kukitazama? Ndivyo tunavyojifunza kwamba hata serkali iliyo upande wa haki huwa na mkono wa kuficha. Majina yale yalibaki katika makabati ya Uingereza kwa miaka mingi, mpaka wataalamu walipoyarudisha mahali pake.

Hapa hatuna budi kumtaja mtu ambaye hatajwi sana, naye alikuwa Mwafrika. Hezekiah Andrew Shanu alizaliwa Lagos, akaja Boma mwaka 1884 kufanya kazi ya Dola. Baadaye akajitegemea: alikuwa na duka, na nyumba ya wageni, na alipiga picha nzuri. Wakubwa walimheshimu, hata alikwenda Ubelgiji. Siku askari walipoasi Boma mwaka 1900, alisaidia upande wa Serkali. Mtu wa namna hii, tungalisema leo, ametulia. Ana mali na sifa, ana nini tena cha kutafuta? Lakini alipojua yanayotendeka, alianza kumpelekea Morel habari, hasa za shauri moja lililohukumiwa Boma mwaka 1904, la wakala wa kampuni ya mpira aliyeshitakiwa kwa kuua watu wengi. Katika hati za shauri hilo ilionekana kwamba watu wa Serkali walikuwa pamoja naye, na majaji wa rufani wakampunguzia adhabu kwa sababu hiyo hiyo. Unaona jinsi hati moja ya korti ilivyokuwa na nguvu. Shanu aligunduliwa. Wafanyakazi wa Serkali wakakatazwa kununua kwake, biashara yake ikaanguka, na katikati ya mwaka 1905 akajiua. Sisi katika imani yetu hatusifu kifo cha namna hii. Lakini hukumu yake twamwachia Mungu, na twauliza tu: katika miji yetu, iko wapi barabara yenye jina lake?

Kelele zikawa nyingi, hata mfalme hakuweza kukaa kimya. Mwaka 1904 akaunda Tume ya kuchunguza, yenye majaji watatu: Edmond Janssens, Mbelgiji, Giacomo Nisco, Mwitalia aliyekuwa akihukumu Boma, na Edmond de Schumacher, mtu wa Uswisi. Mfalme alidhani watamsafisha. Kumbe watu hao watatu walikuwa na kitu kimoja ambacho hakukihesabu: walijua kusikiliza. Walipanda mto, wakafungua vikao, wakaandika maneno ya mashahidi zaidi ya 300.

Walipofika Baringa, katika nchi ya kampuni iliyoitwa ABIR, alisimama mbele yao Lontulu, mkuu wa Bolima. Lontulu hakuwa na daftari wala kalamu. Alileta vijiti 110. Akavipanga juu ya meza ya majaji katika mafungu manne: wakuu, wanaume, wanawake, watoto. Kisha akaanza kuviinua kimoja kimoja, na kwa kila kijiti akataja jina la mtu wake aliyeuawa kwa ajili ya mpira.

Tumeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara twasimama hapo. Wakubwa wa Dola walikuwa na makarani, mihuri, magazeti na makabati. Mzee huyu alikuwa na vijiti na kumbukumbu. Tena angalia kwamba alifanya kile ambacho ofisi ya London ilikuwa imekikataa: alitaja majina. Si "A" wala "B". Fulani mwana wa fulani.

Inasemekana jaji mmoja alilia akisikiliza mashahidi. Hilo hatulitegemei sana, machozi ya majaji hayarudishi mtu. La kutegemewa ni kwamba waliandika. Tume ilipomaliza kazi, ilieleza makamu wa gavana, Paul Costermans, mambo iliyoyaona. Siku chache baadaye, mwezi wa tatu 1905, naye alijiua.

Taarifa ya Tume ilitoka mwezi wa kumi na moja 1905. Mfalme alijua haitampendeza, kwa hiyo akatayarisha hila. Siku moja kabla ya kutoka kwake, magazeti ya Uingereza yalipelekewa muhtasari wa Kiingereza, kama zawadi, na chama kilichojiita cha wamisionari wa Afrika ya Magharibi. Magazeti yakafurahi, maana ni nani apendaye kutafsiri kurasa nyingi za Kifaransa usiku? Yakauchapa. Baada ya siku kadhaa watu waliposoma taarifa yenyewe, wakaona muhtasari haufanani nayo. Wakatafuta chama hicho London, wasikione. Ilikuwa anwani tu ya wakili mmoja. Yaani hata jina la wamisionari liliazimwa ili kufunika mikono iliyokatwa!

Lakini siri kubwa zaidi ilikuwa nyingine. Taarifa ilichapwa, maneno ya mashahidi hayakuchapwa. Maneno ya Lontulu na wenzake yaliwekwa kabatini, na kabati likafungwa.

Wasomaji wetu ni Wakatoliki wengi, nao watauliza: "Mapadri walikuwa wapi?" Tujibu bila kuzunguka. Waliopiga kelele zaidi walikuwa wamisionari wa Kiprotestanti, Waingereza, Wamarekani na Waswidi. Kati yao alikuwamo Alice Seeley Harris wa Baringa, aliyepiga picha ya Nsala ameketi barazani, akitazama mkono na mguu wa bintiye mdogo, Boali. Upande wetu, wengi walinyamaza, na magazeti mengi ya Kikatoliki ya Ubelgiji yalimtetea mfalme. Sababu hazifichiki. Misioni zilipata kwake ardhi na ulinzi. Mwaka 1906 Roma na Dola la Kongo walifanya mapatano ya kuzipa misioni mashamba. Tena wakubwa wengi wa Kanisa waliona kelele hizo kuwa ni husuda ya Waingereza na Waprotestanti. Na Tume yenyewe ililaumu namna Wayesuiti walivyowakusanya watoto katika mashamba yao ya Kwango, jambo lililowaudhi sana.

Hata hivyo hawakunyamaza wote. Mwaka huo huo wa 1906 Padri Arthur Vermeersch, Myesuiti, mwalimu wa sheria ya maadili kule Louvain, alichapa kitabu juu ya shauri la Kongo. Alikwenda moja kwa moja kwenye mzizi: ardhi ile haikuwa tupu, ilikuwa na wenyewe, na kumlazimisha mtu kazi kwa kumnyang'anya chake ni dhuluma. Hakuwa mtu wa siasa. Alipima jambo kwa kipimo kile kile alichowafundisha wanafunzi wake darasani. Sisi tuliosoma seminarini twaona fahari kwa ajili yake, na fahari hiyo haifuti ukimya wa wengine.

Katika Bunge la Ubelgiji waliouliza maswali makali walikuwa watu wa mrengo wa maendeleo: Georges Lorand, na Emile Vandervelde, kiongozi wa Wasoshalisti. Walidai hesabu. Fedha za Kongo zimekwenda wapi? Nani amepewa nini? Mawaziri walijibu kwamba Dola la Kongo ni nchi ya kigeni, Bunge halina ruhusa kuchungulia. Mfalme wa nchi ni yule yule, makarani wake wapo mtaa wa pili, lakini karatasi ni za "nchi ya kigeni"! Hila hii yafaa ikumbukwe, maana haikufa na mfalme Leopold. Kwa kudai hesabu bila kuchoka ndipo Ubelgiji ilipoichukua Kongo, tarehe 15 ya mwezi wa kumi na moja 1908. Na katikati ya madai hayo ndipo matanuru yalipowashwa.

Vandervelde twamkumbuka kwa jambo jingine pia. Mwaka 1908 William Sheppard, mmisionari Mprotestanti, Mmarekani mweusi aliyekaa miaka mingi kwa Wakuba, aliandika katika kijarida cha misioni yake jinsi kazi ya mpira ilivyowaharibu watu wa Kasai. Kampuni ya Kasai ikamshitaki kwa kuichafulia jina. Shauri lilisikilizwa Léopoldville mwaka 1909. Vandervelde, mtu asiyesali kanisa lo lote, alivuka bahari kuja kumtetea mhubiri, bila malipo. Sheppard alishinda. Kama angalishindwa, kila mtu mwenye kalamu katika Kongo angalijifunza kukaa kimya. Uhuru wa kusema wa vitabuni ni mzuri. Siku ile ulikuwa umeketi juu ya benchi ya korti, umevaa kofia ya jua.

Je, Serkali mpya ya Ubelgiji ilifungua madirisha? Kazi ya mpira ilipungua, hilo ni kweli. Lakini Sheria ya Koloni ya 1908 ilipohesabu haki za Katiba ya Ubelgiji zitakazotumika Kongo, iliacha nje uhuru wa magazeti, uhuru wa kukutanika, na uhuru wa kuunda vyama. Watoto wa shule walifundishwa kwamba Leopold ni mfalme mkuu aliyewaokoa watu na biashara ya watumwa. Sanamu zake zikasimamishwa. Kumbukumbu ya Tume ililala Bruxelles, katika nyumba ya hati za wizara.

Ililala mpaka Mbelgiji mmoja alipoikanyaga bila kutaka. Jules Marchal alikuwa ametumikia Kongo, kisha akawa balozi wa nchi yake katika Afrika ya Magharibi. Miaka ya 1970, gazeti moja la Liberia liliandika kwamba watu milioni 10 walikufa katika Kongo ya Leopold. Balozi akakasirika, akaandika wizarani kwake kuomba maelezo ili ajibu uwongo huo. Hakuletewa maelezo. Basi akaanza kutafuta mwenyewe. Alipofika kwenye hati za Tume akaambiwa zimefungwa. Yeye, balozi, mtu wa wizara hiyo hiyo! Alisumbuka miaka mingi mpaka aliporuhusiwa, na tangu 1985 akatoa vitabu vingi, vya kwanza kwa jina la kubuni. Wakati ule ule mtaalamu mwingine, Daniël Vangroenweghe, alichapa kitabu chake juu ya damu na mpira, mwaka 1986. Juu ya hesabu ya waliokufa wataalamu bado wanabishana, nasi hatutajitia katika ubishi huo. Waliochoma hati walijua kwamba hesabu itakuwa shida.

Sasa twaja mahali tunapopapenda sisi makatekista. Maneno ya mashahidi wa 1905 yalipita kwa wakalimani, yakaandikwa kwa Kifaransa. Kilomongo walichokisema kikapotea njiani. Lakini karibu na Mbandaka, kwenye misioni ya Bamanya, walikuwako mapadri wawili wa Moyo Mtakatifu, Edmond Boelaert na Gustaaf Hulstaert, wapenzi wakubwa wa lugha hiyo. Mwaka 1953 Padri Boelaert alitangaza shindano: watu waandike kwa Kilomongo jinsi Wazungu walivyofika kwao na mambo waliyoyatenda. Miaka karibu 50 ilikuwa imepita. Yakaja maandiko zaidi ya mia. Waalimu, makatekista, makarani na watu wengine walikwenda kwa wazee, wakauliza, wakaandika: kijiji fulani, Mzungu aliyepewa jina la utani fulani, askari fulani, vikapu kadhaa vya mpira, waliokufa ni fulani na fulani. Majina ya Lontulu yalirudi, kwa vijiti vya namna nyingine. Maandiko hayo yalichapwa kwa wingi katika miaka ya 1990, katika jarida la Annales Aequatoria, lililotengenezwa hapo hapo Bamanya.

Tena lugha yenyewe ilikuwa imekwisha kuandika. Kwa Wamongo, kusema mtu fulani "amemtuma mwenziwe kuchuma mpira" maana yake amemwonea. Tanuru gani lingaliweza kuchoma msemo?

Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 24, yasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Twashukuru. Lakini haki hii ina safari ndefu. Hati nyingi za wakati wa Leopold na za koloni ziko Bruxelles, na Mkongomani atakaye kuzisoma ahitaji kwanza viza. Zile zilizobaki hapa nchini, tumeona wenyewe katika ofisi moja ya kale: madaftari ya kodi yamerundikwa sakafuni, mchwa wameanza pembeni, na karani kijana, mpole kabisa, alituambia hawezi kutuonyesha kwa sababu ni siri za Serkali. Tulipomwuliza siri ya serkali ipi, kwa kuwa daftari lilikuwa la mwaka 1931, alicheka pamoja nasi, kisha akafunga mlango. Kijana huyo hatumlaumu. Alirithi ufunguo pamoja na desturi ya kuutumia.

Upande wetu wa mashariki shindano kama lile la Bamanya twalihitaji, toka Maniema mpaka Tanganika, na kwa Kiswahili chetu. Wapo wazee ambao babu zao walibeba mizigo ya Bula Matari, walitumwa porini, walikimbilia milimani. Wazee hao hawakuona kwa macho yao. Walisikia kutoka kinywani mwa walioona, wakiwa watoto, jioni, kando ya moto. Wamebaki wachache, na walio wengi wamepita miaka 80.